Mwito wa Pili

Watu wa kiwanda kile cha nguo walimwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti, na yeye hakuwahi kulichukia jina hilo. Alikuwa mama wa miaka arobaini na mitatu, kazi yake kupiga pasi kola za mashati, na siku Mungu alipogawa sauti bila shaka alimpa fungu lake na la majirani wawili. Akicheka kwenye meza za pasi, wakata vitambaa wa ukumbi wa pili waliinua vichwa. Akimwita mtu getini, waligeuka watatu, na mmoja wao hata jina halifanani.

Sauti hiyo ilimpa cheo. Kila mwaka timu ya wanawake ya kiwanda cha nguo ilicheza mpira na timu ya kiwanda cha sabuni, kilichokuwa ng'ambo ya barabara, na kila mwaka Kipaza alisimama mbele ya mashabiki na mifuniko miwili ya sufuria, akiongoza kelele. Mwaka huo afisa utumishi mpya, kijana wa tai na makaratasi, alimletea fulana ya njano iliyoandikwa mgongoni KIONGOZI WA SHANGWE.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza mkata vitambaa mmoja aliyekuja kuazima mkasi. "Si mpiga debe tu huyu!"

"Hapana, mama," afisa akasema, akijikohoza. "Kiongozi wa shangwe ni mtu anayewaongoza wenzake kushangilia. Yeye hachezi. Kazi yake ni kuwatia moyo wanaocheza. Mmewaona kwenye televisheni, wale wasichana wa sketi fupi, wenye mashada mikononi."

Meza nzima ya pasi ikamtazama Kipaza kiunoni.

"Sketi fupi nitavaa," akasema Kipaza, "ila kiwanda kitaishiwa kitambaa."

Walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Jioni Kipaza aliipiga pasi ile fulana mara mbili, akaivaa kwenda nayo nyumbani, akapita barabara ndefu badala ya njia ya mkato ili aonekane na watu wengi. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye nitataka umhurumie, na si haki nikufiche jinsi alivyoipenda fulana ile.

Sasa, kiwanda kile kilikuwa na desturi yake. Haikuandikwa popote, lakini iliheshimiwa kuliko kengele ya zamu. Mchezaji aliye benchi akiitwa na mashabiki mara tatu kwa jina lake la uwanjani, huinuka, na kocha humwingiza. Kocha hana la kusema, na mchezaji naye hana. Miaka mingi nyuma dada mmoja aliitwa mara tatu akabaki amekaa, na hadi anastaafu watu walimwita Kiti. Ndiyo maana mashabiki hawakuita ovyo. Walimngoja Kipaza. Yeye ndiye aliyeanza, kwa mfuniko na sauti, na wengine wakafuata.

Nyota wa timu alikuwa Nyundo, na Nyundo alikuwa mke wa mdogo wake Kipaza, yaani wifi yake. Mwembamba, mpole, maneno yake ya kuhesabu, lakini mguu wake wa kulia ukiugusa mpira, golikipa huanza kumkumbuka mama yake. Kiwandani alishona kola. Alizishona yeye, Kipaza akazipiga pasi, na kwa miaka sita kola zile zilitoka mkono wa wifi mmoja zikaingia mkono wa wifi mwingine, ncha zimesimama, mishono imenyooka. Kipaza angeweza kuitambua kola ya wifi yake katika rundo la mia.

Asubuhi ya mechi Nyundo alimvuta Kipaza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango, akapandisha mguu wa suruali. Goti la kulia lilikuwa limevimba, limefungwa bandeji chini ya soksi ndefu.

"Jumanne mazoezini lilizunguka hivi," akasema kwa sauti ya chini. "Nikadhani litapoa."

"Umemwambia kocha?"

"Sijamwambia mtu. Hata mdogo wako hajui. Nimemwambia kocha tumbo linaniuma, kaniweka benchi." Alishusha suruali haraka. "Wifi, nikisema ni goti, Jumatatu msimamizi ananitoa kwenye mashine, ananipeleka kukata nyuzi."

Kipaza alielewa. Mashine zile za kiwandani zina chuma chini ya meza, kimefunikwa sponji. Mshonaji hukisukuma kwa goti la kulia ili mguu wa mashine unyanyuke, apitishe kitambaa, kisha hukiachia. Hufanya hivyo mara elfu kwa zamu. Mshonaji asiye na goti la kulia ni sawa na mpiga pasi asiye na mkono.

"Nikipumzika leo na kesho, litarudi," akasema Nyundo. "Ila wewe, wifi yangu, tafadhali. Leo usiniite."

"Nikuite ili iweje? Nina wazimu?"

"Niahidi."

"Nimekuahidi. Leo jina lako nimelimeza."

Nyundo akatabasamu, akamshika mkono, wakatoka. Ilikuwa ahadi nyepesi tu. Kipaza aliitoa akiwa anafikiria mifuniko yake ameiacha wapi.

Mechi ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Kiwanda cha sabuni walifunga mapema, wa nguo wakasawazisha kwa bahati, kisha mpira ukageuka kuwa kazi ya kusukumana. Watu wa sabuni walikuja na tarumbeta mpya, na mpuliza tarumbeta wao, bwana mmoja mnene mwenye kofia, aligundua mchezo wake: kila Kipaza alipofungua kinywa, naye alipuliza. Mashabiki wa nguo walianza kuchoka. Wengine walikaa. Wengine walitazama simu. Chini ya turubai la wakubwa, meneja alipiga mwayo, na afisa utumishi akamtazama Kipaza, akainua nyusi mbili kama anayeuliza bidhaa iko wapi.

Zilibaki dakika kumi. Kipaza alijaribu kumwita Sindano, mchezaji mwingine wa benchi. Sauti ilitoka, mfuniko ukalia, lakini waliojibu hawakufika ishirini, na tarumbeta ikawafunika hao hao. Mtu nyuma yake akasema, "Fulana mpya, betri kwisha." Watu wakacheka, tena wa upande wake.

Hapo ndipo alipofungua kinywa akaita, "Nyundo eee!"

Mabenchi yaliamka yote. "Gonga!" wakajibu watu mia nne, kama waliokuwa wakingoja neno hilo tangu asubuhi. Tarumbeta ikapotea humo humo. Kipaza alihisi sauti ile ikimpiga mgongoni, juu ya maandishi ya fulana, na jamani, ilikuwa tamu. Alitazama benchi. Wifi yake alikuwa amemgeukia. Hakukunja uso, hakuonyesha kidole. Alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kuwa hapana.

Waswahili husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mwito ule wa kwanza tuuite kujikwaa. Wazee wa busara wangemsamehe. Angeweza kuita jina jingine. Angeweza kuangusha mfuniko, kukohoa, kujifanya kapaliwa. Mwito mmoja si mitatu, ungepita na upepo. Kipaza alikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi nzima, na aliivuta, akiwa anamtazama wifi yake machoni.

"Nyundo eee!"

"Gonga!"

Mwito wa tatu hakuuita yeye. Uliitwa na uwanja.

Nyundo aliinuka. Kocha, ambaye siku za kazi alikuwa fundi mitambo wa kiwanda hicho hicho, alimuuliza kitu, pengine habari ya tumbo, naye akajibu kwa kichwa. Aliingia. Kwa dakika sita alitembea zaidi ya kukimbia. Kisha mpira ukamwangukia mbele ya goli, akaupiga kwa mguu wa kulia kwa sababu hakuwa na mwingine wa kupigia, nyavu zikatikisika, na yeye akaanguka.

Uwanja ulilipuka. Watu walikumbatiana, mwanamke mmoja alirusha kiatu. Kipaza aligonga mifuniko mpaka mmoja ukabonyea, akaruka, akaimba, akawageukia watu wake wapige kwa nguvu zaidi, nao wakapiga. Walidhani Nyundo amelala chini kwa furaha. Alikuwa amefungua kinywa, na wao walidhani anashangilia. Alikuwa akipiga kelele za maumivu, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu kelele ya Kipaza ilikuwa kubwa kuliko yake. Mpaka kocha alipopiga magoti pale chini na kupunga mikono yote miwili ndipo watu walipoanza kunyamaza, safu moja baada ya nyingine. Kipaza alikuwa wa mwisho.

Daktari alisema kano za goti zimechanika. Angetembea kwa magongo miezi mitatu. Kuhusu mashine, alisema tusubiri, na daktari akisema tusubiri huku anaandika, mgonjwa amekwisha kuelewa.

Baada ya wiki tatu Nyundo alirudi kazini akawekwa mwisho wa ukumbi, mguu juu ya kigoda, akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati yaliyoshonwa na wengine. Kola zilianza kutoka kwa binti mgeni. Ncha moja ilikuwa ndefu, nyingine fupi. Kipaza alizipokea siku nzima, akazilaza, akazinyoosha, na kila moja ilimwambia jambo lile lile. Pasi inatoa mkunjo. Mshono uliopinda inaulaza tu.

Wenzake walimpongeza, na pongezi zilimchoma. "Bila wewe tusingeshinda," walimwambia. Afisa utumishi alimshika mkono mbele za watu. Lawama za goti walimtupia kocha, eti alijua akanyamaza. Kipaza akaanza kusema koo linamuuma, na wanawake wa meza ya pasi, Mungu awabariki, walimletea tangawizi, asali, ndimu, chumvi ya kusukutua, na mmoja akaleta dawa ya ng'ombe akiapa kuwa inafaa. Alivinywa vyote isipokuwa ya ng'ombe. Vilishuka vikapita pale pale lilipokwama neno, vikaliacha.

Nyumbani kwa mdogo wake aligeuka mtumishi. Alifua, alipika, alibeba maji, alipiga deki hadi chini ya kitanda. Mdogo wake, fundi seremala asiyejua kuficha jambo usoni, alishindwa kumshukuru.

"Dada, hata mama angekuwa hai asingetufanyia haya."

"Ni wifi yangu," Kipaza akajibu, akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu jana.

Mdogo wake hakuwepo uwanjani siku ile. Alikuwa na milango ya kumaliza. Jioni ya kwanza kutoka hospitali alikuwa amekaa jikoni, kichwa mikononi, akasema, "Daktari anasema goti lilikuwa bovu tangu kabla ya mechi. Mtu kamwingiza mke wangu na goti bovu. Wewe ndiye uliyemwita, dada, lakini wewe ungejua usingemwita."

"Ningejuaje, mdogo wangu?" akasema Kipaza.

Lilimtoka hivyo tu, laini, kwa sauti ndogo ambayo si yake. Chumba cha pili, kitanda kililia. Nyundo alikuwa macho.

"Basi ni kocha," mdogo wake akasema. "Kocha alijua. Anawakagua miguu kila wiki."

"Kocha hakujua," akasema Nyundo kutoka kitandani.

"Unamtetea. Nani alijua, basi?"

Kipaza alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, moyo unapiga mifuniko.

"Aliyejua anajijua," akasema Nyundo.

Kuanzia siku hiyo hakumtaja tena kocha wala goti. Alikula alichopikiwa, akasema ahsante wifi. Hakununa. Ingekuwa afadhali angenuna. Kipaza alingoja atukanwe, na kadiri asivyotukanwa ndivyo alivyozidi kusugua. Usiku hakulala vizuri, mchana hakusikia ladha ya chakula. Alijiambia kuwa walioita ni watu mia nne, si yeye peke yake. Alijiambia kazi ya kiongozi wa shangwe ni kutia moyo, hata afisa alisema. Halafu alikumbuka ile pumzi aliyoivuta kati ya mwito na mwito, na maneno yote ya afisa yakawa upuuzi. Moyo alimtia nani? Nyundo alikuwa nao tayari. Aliyekuwa na njaa ya kelele siku ile alikuwa ndani ya fulana ya njano.

Jumapili moja, mchana, walikuwa mezani watatu. Wali, maharage, mboga za majani, na redio juu ya kabati ikitangaza mpira, maana mdogo wake hakuweza kula bila mtangazaji. Nyundo alikaa mguu umenyooshwa juu ya kiti cha nne.

"Leo asubuhi kaja yule," mdogo wake akasema, mdomo umejaa.

"Nani?"

"Kocha wenu. Na mfuko wa machungwa, eti ya mgonjwa. Nimemwambia achukue machungwa yake akamkague miguu mkewe." Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kweli. "Ameuacha mfuko juu ya ukuta wa nje, akaondoka hajasema kitu. Mtu nimesoma naye darasa moja, dada. Kitanda hicho cha ndani tulikichonga pamoja. Sasa nikimwona njiani navuka upande wa pili."

Nyundo aliweka kijiko chini. Hakumtazama Kipaza. Alitazama maharage yake kama mtu anayesubiri basi kituoni, ambaye amekwisha kuzoea kuchelewa kwake.

"Nilijua," akasema Kipaza.

Redio ilikuwa inapiga kelele za kona. "Eh?" mdogo wake akainama mbele. "Ulijua nini?"

Na hapo, ndugu yangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilijua chumvi imezidi. Nilijua machungwa yataoza huko nje. Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga, kila moja lingemtoa salama. Mdogo wake alikuwa amekwisha kurudia sahani yake. Kipaza alivuta pumzi. Aliijua pumzi ile.

"Nilijua goti ni bovu," akasema. "Alinionyesha asubuhi ya mechi. Akaniomba nisimwite, nikamwahidi. Kisha nikamwita. Mara ya kwanza alinikatalia kwa kichwa, nikamwona. Nikaita mara ya pili."

Nyundo alinyoosha mkono, akazima redio.

Mdogo wake alitafuna, akaacha kutafuna. Kwa muda alikuwa na uso wa utotoni, wa siku ile Kipaza alipomwambia kuwa mbwa wao hatarudi.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza jikoni hapo. Ukasema ungejuaje."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini ulimwita?"

Alitafuta sababu yenye heshima, hakuipata. "Walikuwa wananicheka," akasema. "Nilitaka wanijibu."

Mdogo wake aliinuka. Alisimama akiwa ameshika mgongo wa kiti, kana kwamba anapima mbao, kisha akatoka bila kuvaa viatu. Walisikia mlango wa nje, halafu mfuko ukikwaruza ukuta, halafu hatua zake zikienda barabarani, upande wa kwa kocha.

Wanawake wawili walibaki na chakula kinachopoa.

"Siku arobaini na moja," akasema Nyundo. "Nilikuwa nahesabu."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Ningesema, ungelia, ningekusamehe, tungeishia hapo. Halafu ungenipikia mpaka nizeeke." Alipangusa mdomo. "Una sauti ya watu watatu, wifi. Nilitaka nione kama kuna hata kidogo kwa ajili ya hili."

"Umenisamehe?"

"Bado."

Kipaza aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuja, akayaacha yashuke, maana hayakuwa na pa kwenda kwingine. "Nifanye nini, basi? Niambie chochote, nitafanya."

"Kesho, kwenye meza za pasi. Kiwanda kizima kinaamini kocha ndiye aliyenivunja. Waambie kama ulivyotuambia sisi, hadi wakata vitambaa wasikie."

"Nitawaambia."

"Na hiyo fulana usije nayo hapa tena. Naisikia nikiiona."

Kipaza akaitikia tena. Kisha, kwa mazoea ya siku arobaini na moja, aliinuka na kuanza kukusanya sahani. Nyundo alizishika, akazivuta upande wake, akayafikia magongo yake yaliyoegemea ukuta.

"Acha hivyo vyombo, wifi," akasema. "Mikono yangu ni mizima."